Kliniki mjini au mazoezi nyumbani?

Mama wa Tukuyu ambaye mtoto wake hafungi mdomo vizuri, udenda umelowesha kifua kizima na maneno hayatoki vizuri, anauliza: nimpeleke kwa mtaalamu wa matamshi Mbeya mjini, au nimfundishe mwenyewe?

Kwa gharama, nyumbani ni nafuu. Nauli ya kila wiki inauma. Kwa uhakika, mtaalamu anashinda: anatambua kama shida ni misuli, ulimi ulioshikwa chini au masikio. Na jamani, zoezi la kupuliza mishumaa pekee halimfundishi mtoto kusema. Mtoto anayejifunza kusema "baba" afanye mazoezi ya neno "baba" lenyewe, midomo ikigusana mbele ya kioo. Hayo, dakika 10 asubuhi na jioni, hudumu zaidi nyumbani.

Anayepaliwa na uji aanzie hospitali, bila kusubiri. Aliyekwisha kupimwa na anameza vizuri, safari zipungue, mazoezi yaendelee jikoni.