Shahada ya wanyamapori: Mlimani au SUA?

UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mlimani, inafundisha Sayansi ya Wanyamapori na Uhifadhi. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, inafundisha Usimamizi wa Wanyamapori. Zote ni miaka mitatu, zote zinataka Baiolojia, na zote zinagombewa na vijana walewale wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Mwaka wa kwanza hutaona tofauti kubwa. Inajitokeza mwaka wa pili, na hapo ndipo aliyechagua kwa jina la chuo hugundua amepanda basi lisilo lake.

Mlimani kozi hii iko Idara ya Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori, ndani ya Ndaki ya Sayansi Asilia na Tumizi, yaani CoNAS. Tazama majirani zake: botania na hebaria yake (hazina ya mimea iliyokaushwa), kemia, baiolojia ya molekuli, hisabati. Kwa hiyo mnyama anafundishwa kwanza kama kiumbe: mwili wake, uainishaji wake, mageuko, tabia, ikolojia ya idadi, kisha ndipo uhifadhi. Takwimu haikwepeki. Anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili, kukaa maabara au kuingia taasisi ya utafiti anapata msingi mzuri hapa. Na kama moyo wako uko baharini, kwa samaki, kasa au matumbawe, usisumbuke kulinganisha: UDSM ina kitengo cha sayansi za majini Kunduchi na Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Morogoro haina bahari.

SUA kozi iko Ndaki ya Misitu, Wanyamapori na Utalii, jirani na misitu na utalii, na chuoni hapohapo wapo madaktari wa mifugo na watu wa malisho. Hapa mnyama anafundishwa pamoja na eneo anamoishi na watu wanaopakana naye: nyanda za malisho, uchumi wa maliasili, migongano ya tembo na wakulima, utalii, usimamizi wa hifadhi. Milima ya Uluguru iko mgongoni mwa chuo, na Mikumi ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Chuo kina pia msitu wake wa mafunzo Olmotonyi, Arusha, na msitu wa Mazumbai kule Usambara Magharibi. Utafiti wa panya wa SUA unajulikana nje ya nchi. Hata APOPO, wale wanaofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, makao yao yako hapohapo.

Maoni yetu: kwa anayetaka kazi ya hifadhini, halmashauri au mradi wa jamii, SUA ni chaguo bora, hata kama shangazi zako wote wanaijua Mlimani tu. Kwa anayetaka kuwa mtafiti, UDSM. Lakini kuna jambo hakuna chuo kati ya hivi viwili kitakachokupa. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na mamlaka ya Ngorongoro sasa zimo katika mfumo wa jeshi la uhifadhi, na ukiajiriwa utapitia mafunzo ya kijeshi. Shahada haikuondolei hilo. Anayependa zaidi kazi ya kutembea na bunduki porini kuliko kuandika ripoti aiangalie Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori kule Kilimanjaro, kabla ya vyuo hivi.

Sasa udahili, maana hapa ndipo nafasi nyingi hupotea bure. Alama zinahesabiwa A=5, B=4, C=3, D=2, E=1, na S ni 0.5 lakini si ufaulu wa principal, yaani ufaulu kamili wa somo. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni principal mbili zenye jumla ya 4.0. Hicho ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba tu. Mwenye D mbili anatimiza sharti, kisha anapangwa foleni na wenye B na C, na nafasi zikijaa anabaki nje. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, soma safu tatu za kila programu: masomo yanayotakiwa, alama za chini za chuo, na idadi ya nafasi. Usiruke masharti ya kidato cha nne yaliyoandikwa chini ya programu. Mtu anaweza kuwa na alama nzuri za kidato cha sita akakwama kwa Hisabati ya O-level.

Omba vyote viwili. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unapokea namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Jaza namba ya simu ambayo laini yake utaendelea kuwa nayo, si ya rafiki wala ya duka la intaneti ulikoombea. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, unaombwa kivyake, na ukihama chuo baada ya kupangiwa, uhamisho lazima ukamilike TCU na vyuo vyote viwili ndipo fedha zifuate. Wakati huo wote kodi ya geto inadai.

Ukishaingia, jifunze hesabu ya krediti mapema. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, na mwaka ni krediti 120. Kozi ya krediti 12 inavuta GPA (wastani wa alama zako) mara moja na nusu kuliko ya krediti 8, kwa hiyo kupiga msuli kwenye kozi ndogo huku kubwa ikienda sapu, mtihani wa marudio, ni hasara. GPA ya 4.4 ndiyo daraja la kwanza, 3.5 ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu. Wanaoteleza kwenye kozi hizi mara nyingi huangushwa na takwimu na kemia, si wanyama.

Ada za vyuo hivi vya umma zisikuumize kichwa sana, angalia maisha. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, 10,000 kwa siku tangu 2022/23, linafika mbali zaidi Morogoro kuliko Sinza au Changanyikeni. Mlimani uliza kama hosteli utakayopangiwa iko kampasi au Mabibo, kwa sababu Mabibo ni nauli ya kila siku. SUA ina kampasi mbili mjini, Edward Moringe na Solomon Mahlangu kule Mazimbu. Usilipie chumba cha miezi sita Misufini kabla hujaona ratiba ya vipindi vya mwaka wa kwanza. Wenye familia Dar wasiogope umbali: tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro chini ya saa mbili, nauli ya daraja la kawaida 13,000.