Kuchukua abstrakti ya polisi: nyota mbili, moja ni ya koplo

Kitambulisho changu kilipotelea kwenye matatu ya nambari 6, basi Jumanne nikaenda kituo cha polisi (sikitaji, nina duka Eastleigh na nataka kuendelea kuwa nalo). Abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti kitu kilichopotea, ni bure. Bango la ukutani linasema hivyo kwa herufi kubwa.

Benchi ni la watu watano, tulikuwa tisa. Kijana aliyenitangulia alikuwa na shida kama yangu. Dakika saba tu, mhuri, huyo akaenda. Mimi nilipofika kaunta, afisa aliuangalia mtandio wangu kwanza. "Warya, wewe ni Mkenya kweli?" Warya huitwa mwanamume, nami ni mama wa watoto wanne, lakini somo la Kisomali lingenichelewesha. Akataka cheti changu cha kuzaliwa, halafu cha mama, halafu jina la chifu wa nyumbani. Nimezaliwa Pumwani! Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba kutupiga sisi Wasomali msasa wa ziada ndipo tupate kitambulisho kumekwisha. Kaunta ile haijapata habari.

Kisha akafunga kitabu, eti anaenda kunywa chai. Chai hiyo tunaijua. Wasomali wa mtaa huu wanaitwa ATM za polisi.

Nilikaa saa mbili. Aliyeniokoa ni koplo wa kike aliyeingia zamu: "Mama, umehudumiwa?" Akaandika OB (kitabu cha matukio), akagonga mhuri, hakuuliza kabila wala chifu. Dakika sita.

Mtaniambia nishtaki IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ipo kisheria tangu 2011. Sawa, lakini unayemshtaki anapita mbele ya duka lako kila jioni.

Hooyo, yaani mama yangu, alikataa kuingia, alinisubiri ng'ambo ya barabara. Mwaka 1989 Wasomali walipopigwa msasa alipewa kadi ya waridi ya kuonyesha kwamba ni Mkenya, na bado anatembea nayo mkobani. Aprili 2014, kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, kaka yangu alilala Kasarani uwanjani siku nne akiwa na kitambulisho mfukoni. Nilipotoka aliuliza neno moja: "Ngapi?"

Nikamwambia hakuna, hooyo, koplo hakutaka kitu.

Akafungua mkoba, akanipa mia mbili. "Rudi umpe. Wasije wakaifuata dukani."