Mgahawa wa mama wa njia ya Feri, Mtwara: ukiwa na uzito wa kutunza nenda kale hapa

Wadau wa Mtwara habari zenu. Kuna watu wananiuliza sana sisi vijana wa mieleka wa chuo huwa tunakula wapi kipindi cha mashindano, maana hela yenyewe ni ya boom, ile ya mkopo wa chuo, na mwili nao unatakiwa ubaki kwenye kilo zake, sasa naandika hapa ili mtu akiuliza tena nimwelekeze asome. Tunakula kwa mama mmoja njia ya kwenda Feri, kule wanakouza samaki, hana bango wala jina la mgahawa, ni banda la mabati lina meza ndefu na mabenchi, ukuta kwa ukuta na jamaa anayenunua chuma chakavu. Bodaboda yeyote ukimwambia kwa mama wa pweza karibu na chuma chakavu anakupeleka. Kwa mwanamichezo hapa mjini sijaona anayemzidi huyu mama, na kasoro zake ntazisema pia maana anajua nazijua.

Kwanza mjue hali yetu. Timu yetu ni ndogo na mkeka wa mieleka hatuna, ule mkeka ni hela ndefu, kwa hiyo tunapiga tizi ufukweni kwenye mchanga na tunacheza ile mieleka ya ufukweni ambayo siku hizi inatambulika duniani kabisa. Duara la mita 7, pambano dakika 3, wa kwanza kufikisha pointi 3 kashinda. Ukimwangusha mwenzio au ukamsukuma nje ya duara ni pointi 1, ukimbeba ukamlaza mgongo moja kwa moja kutoka kwenye miguu yake ni 3 na mchezo umeisha hapo hapo. Uzito wa wanaume ni 70, 80, 90 na zaidi ya 90, wasichana ni 50, 60, 70 na zaidi ya 70. Mmeona ilivyo, kati ya 70 na 80 hamna kitu katikati, sasa mimi mwili wangu ukiuachia unakaa 73 au 74, ina maana nikizembea naenda kukutana na mtu wa kilo 80 aliyeshiba, na kwenye mchanga mtu akikuzidi kilo 6 anakusukuma nje kama mkokoteni, huna pa kukanyaga.

Ndo maana kipindi cha mashindano chakula kinakua shughuli kubwa kuliko hata mazoezi. Asubuhi kabla ya vipindi unakimbia, jioni mchanga mpaka giza, katikati kuna test na assignment hazijui kama we una mashindano, alafu unarudi hosteli wenzio wanakaanga chipsi mayai koridoni harufu yote inaingia chumbani kwako. Ukila kama wao unapitiliza uzito. Ukijinyima sana siku ya tatu miguu haiinuki na darasani unasinzia mwalimu akiwa mbele yako. Ulaji wa kati, unaoshibisha bila kukulaza, ndo nimeupata pale kwa mama.

Anachofanya ni hivi. Samaki wake anawapika aina mbili tofauti kila siku, kuna wa nazi na kuna chukuchuku, na chukuchuku yake ni chukuchuku kweli, maji, nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili mbichi, hamna mafuta yanayoelea juu. Changu, tasi, kibua, inategemea Feri wameamkaje. Mboga pia ukitaka kisamvu cha nazi kipo, ukitaka matembele au mlenda bila nazi anakutolea kabla hajatia tui, ila uwahi kumwambia, mwisho saa nne na nusu hivi, maana tui likishaingia limeingia. Ugali anapima kwa bakuli moja lile lile la bati, lile la bluu lililobanduka rangi, kwa hiyo ukisema bakuli moja leo na kesho ni kile kile, kwa mtu anayehesabu mwili wake hii ni kubwa sana. Sehemu nyingine leo unapewa mlima kesho unapewa kichuguu inategemea nani kashika mwiko. Wa sembe upo na wa muhogo upo. Mi nakula wa sembe wiki ya mashindano maana wa muhogo unakaa tumboni muda mrefu na protini yake ni kidogo, lakini wiki za kawaida ugali wa muhogo na kibua wa chukuchuku aisee, mtu wa Kusini utaniambia nini.

Sasa supu ya pweza. Hii ndo iliyompa jina. Pweza anamponda mwenyewe nyuma ya banda kwenye jiwe, unasikia ule mlio pa pa pa toka saa kumi na mbili asubuhi, akilainika anamchemsha taratibu na maji yake mwenyewe, anamkata vipande vidogo kwa kisu kifupi kilicholika hadi kimebaki kama kidole, anakamulia ndimu, anakuuliza "pilipili ya kulia au ya kucheka?" Kikombe ni 1,000 na vipande vinaonekana, havitafutwi. Pweza ana protini nzuri na mafuta karibu hana, ndo maana sisi wiki ya mwisho kabla ya kupima uzito tunaishi na hiyo supu, kikombe asubuhi baada ya kukimbia na kingine jioni na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Akina kaka wa pale nje wanaoinywa kwa sababu zao zile mnazozijua waendelee, sisi tunainywa tusimame kwenye mchanga.

Bei zingine, ugali dagaa 1,500, ugali au wali na samaki kipande 3,000, mbaazi na chapati 1,000. Mbaazi zake msizidharau, siku pweza hakuna mimi nakula mbaazi na ugali na nafanya tizi vizuri tu. Na boom ikichelewa kuna daftari. Anaandika jina, tarehe na ulichokula, hela ikiingia unalipa, hajawahi kumtangaza mtu mbele za watu. Naomba mkienda msije mkaliua hilo daftari, lipeni.

Ule mzani wa jirani wa chuma chakavu nao ni sehemu ya huduma kwa kweli. Ni mzani wa chini wa kupimia mizigo, tunapanda mmoja mmoja asubuhi na bukta tu tukiwa hatujala, yule jamaa anasoma namba kwa sauti na mama anasikia kutokea jikoni, kwa hiyo ukija kuagiza anajua tayari. Ukisomewa 72 anakuambia "leo wewe wa chukuchuku, mwanangu" hata hujafungua mdomo. Jamaa anaupanga mzani wake vizuri maana ndo ofisi yake, tumeufananisha na mzani wa mashindano tofauti ilikua ndogo sana. Hachukui hela, tunampa shikamoo na siku mojamoja supu.

Kitu kilichonifanya nimheshimu huyu mama kuliko yote ni alivyomsaidia dogo mmoja wa timu yetu. Dogo alikua kazidi, imebaki siku moja, akaanza mambo ya kukimbia juani na koti la mvua limefungwa mpaka shingoni na maji hanywi toka jana yake, joto la Mtwara mnalijua lilivyo na unyevu, jasho halikauki. Akaja bandani midomo imepasuka, mkono unatetemeka kushika kikombe. Mama akamvua lile koti mwenyewe, akamkalisha kivulini, akamwekea jagi la maji na chumvi kidogo na sukari akamwambia "baba, hapa hainuki mtu mpaka jagi liishe, hizo kilo zako utazikuta mwakani." Dogo akanywa. Hakupigana safari ile na leo yupo mzima anapigana.

Wengine mtaona mama kazidisha. Marekani ambako mieleka ya vyuo ni kitu kikubwa sana, msimu wao unaanza Novemba mpaka fainali za Machi, mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vitatu tofauti walifariki ndani ya wiki tano hivi, wote wakikata uzito kwa njia hiyo hiyo, nguo za kuzuia hewa, chumba cha joto, mazoezi makali na maji hawanywi. Baada ya pale chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA, wakapiga marufuku zile nguo na vyumba vya joto, wakasogeza kupima uzito karibu na muda wa pambano ili mtu asipate nafasi ya kujikausha alafu akajijaza maji usiku kucha, na siku hizi kila mchezaji anapimwa mapema kabla ya msimu kujua mwisho wake wa kushuka ni kilo ngapi. Wale walikua na makocha na madaktari wa timu. Sisi tuna huyu mama. Lita 1 ya maji ni kilo 1, ndo maana mzani unashuka haraka ukijikausha, ila ulichotoa ni maji ya damu yako, mafuta yako yapo pale pale, na mwili ukipoteza hata asilimia 2 tu ya uzito wake kwa maji nguvu na akili vinaanza kuondoka.

Nilimuuliza haya mambo ya wanamichezo kayajulia wapi, akasema alianza kuwapikia mwaka 2019 UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na sekondari, zilipoletwa Mtwara, mji ukajaa watoto wa mikoa yote, akaona wale wa riadha wanamrudishia mchuzi wa nazi sahani haijaguswa, akaanza kuwauliza mmoja mmoja wanataka nini. Toka hapo kashika.

Ramadhani mchana anafunga kama wengi, anafungua kuanzia futari. Uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, magimbi, tambi, na kwa sisi tunaofunga huku tunajiandaa na mashindano anabakiza chukuchuku na ugali wa daku ukimwambia mapema, unabeba kwenye hotpoti lako. Tizi mwezi huo tunasogeza baada ya tarawehe na uzito tunaushusha taratibu kabla mwezi haujaandama, hilo kocha ndo kapanga.

Kasoro sasa. Ya kwanza chumvi. Supu ya pweza ina chumvi nyingi, pweza mwenyewe ana ya baharini na mama anaongeza, na chumvi inashika maji mwilini, unaweza kupimwa 70 kamili leo, kesho ukasomewa 71 na chakula hujaongeza. Tumemwambia, anapunguza wiki moja inarudi, kwa sababu wateja wa kawaida wanalalamika supu imepooza. Dawa yake mwambie akuchotee kabla hajatia chumvi ya mwisho, anakubali. Ya pili Ijumaa baada ya swala usijaribu kama una kipindi saa nane, foleni inafika kwenye chuma chakavu. Ya tatu msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hela zikiingia mtaani, meza zote wanakaa watu wa mizigo na madereva wa malori na samaki wazuri wanaisha saa sita, hapo sisi wa 1,500 tunakua wa mwisho kidogo, naelewa ni biashara lakini inauma. Na mvua zikinyesha pale mbele panatuama maji, nenda na kandambili.

Kwa kulinganisha tu, kuna sehemu moja mjini kati wana kiyoyozi na menyu imeandikwa vizuri, nilienda na wenzangu wiki ya mashindano nikaomba samaki wa kuchemsha, akaja samaki wa kukaanga kachovywa kwenye maji ya moto, mafuta yanaelea, na bili ilikua 9,000. Nikauliza nikaambiwa ndo wa kuchemsha huyo. Kama unaenda kupiga picha na mchumba nenda, ila ukiwa na mzani unakusubiri Jumamosi usiende.

Mama anafungua saa kumi na mbili asubuhi, chakula cha mchana kinakua tayari saa tano, saa kumi na moja jioni inabaki supu na muhogo tu, Jumapili hapiki. Wale wa riadha na mpira wa pete mnaokuja huku kwenye mashindano ya vyuo, mkiwa wengi mtumeni mtu mmoja jana yake akaseme idadi na wangapi hawataki nazi, anaenda Feri alfajiri anarudi na kiasi chenu. Na mtu wa timu akisoma hapa, daftari la mwezi uliopita bado kuna majina mawili, boom imeshaingia toka Jumanne.