Darasa la cha-cha-cha: nendeni, ila yule mwalimu muepukeni

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Ni kituo kimoja cha dansi hapa Dar, jina nalihifadhi. Ukumbi safi, kiyoyozi kinafanya kazi, sina neno. Tulikuwa kwenye hatua ya msingi ya cha-cha-cha, ile ya kushikana wawili wawili: mwanamume anaingia mbele kwa mguu wa kushoto, mwanamke anarudi nyuma kwa wa kulia, kila mtu anarudisha uzito alikotoka, halafu vihatua vitatu vya harakaharaka kwenda pembeni. Shida ni kwamba huanzi kwenye moja, yaani pigo la kwanza la muziki. Ule mguu wa kuingia unakanyaga kwenye mbili, na moja inaangukia cha ya mwisho: mbili, tatu, nne-na-moja. Hilo mwalimu hakulisema. Alijitazama kwenye kioo akihesabu "moja, mbili, cha-cha-cha", muziki unasema lake, yeye lake, sisi tunakanyagana vidole.

Nikauliza kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, tunaanza kwenye moja au kwenye mbili?"

Akazima muziki. Kijana wa umri wa kitinda mimba wetu, akanigeukia ukumbi mzima unasikia: "Mama, hapa siyo kwenye kigodoro. Wewe fuata tu."

Watu wakacheka. Hata yule baba niliyepangwa naye, aliyenikanyaga jioni nzima, akacheka!

Kwanza, kigodoro kina mdundo wake, na asiyeujua anaonekana mara moja. Pili, ndiye huyo huyo aliyekuwa akitupitia wanawake, akitushika mabega kama anahamisha kabati: "Kiuno! Kiuno!" Mimi mtu wa Tanga, kiuno nifundishwe na yeye? Tena kiuno cha cha-cha hakikatwi kwa makusudi. Unakanyaga, unanyoosha goti, nyonga inakwenda yenyewe.

Hayo ya goti nimeyapata kwa binti msaidizi wake, tulipopumzika kunywa maji. Alinivuta pembeni, akaniambia, "Dada, miguu iache kwanza. Sikiliza, piga kofi kwenye mbili tu." Nikapiga, nikakosea, nikapiga. Kisha akanishika mikono yeye akiwa upande wa mwanamume, akanisukuma kidogo kiganjani, nikajikuta nimerudi nyuma na cha-cha-cha imetoka yenyewe. Wallahi nilipiga kigelegele.

Nilivyofika nyumbani nikaenda kusoma. Kumbe mdundo huu ulianzishwa Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mpiga fidla Enrique Jorrín, baada ya kuona wachezaji wanapotezwa na midundo ya "mambo", muziki mwingine wa huko huko Kuba. Akaurahisisha ili watu waufuate. Na jina, inasemekana, ni mlio wa viatu vyao sakafuni. Yaani muziki uliotengenezwa kwa kuwaonea huruma waliopotea, halafu wewe unamcheka aliyepotea!

Nyota moja. Lakini yule binti peke yake anastahili zote tano, na ukweli ni kwamba sasa nacheza hadi jikoni, wanangu wamechoka kuhesabiwa. Basi tatu. Hapana, mbili, kwa sababu uongozi niliwaandikia wakanijibu "asante kwa maoni".

Nimelipia mwezi mwingine. Nakwenda siku za binti tu, na yule bwana namdai samahani yangu, mbele ya wale wale waliocheka.