Weupe kwenye ulimi wa mtoto: maziwa au fangasi?

Mama wengi wakiona ulimi wa kichanga umekuwa mweupe hushtuka, na wengine hupuuza hadi mtoto akatae ziwa. Yote mawili yananiuma, kwa sababu tofauti unaweza kuiona mwenyewe nyumbani.

Mabaki ya maziwa hukaa juu ya ulimi tu, ni membamba, na ukipitisha kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu yanatoka. Mtoto ananyonya kama kawaida. Hayahitaji dawa.

Fangasi ni habari nyingine. Husababishwa na kandida, aina ya kuvu, na utando wake hufanana na maziwa yaliyoganda. Haukai ulimini peke yake: chungulia ndani ya mashavu, kwenye ufizi na kaakaa. Haufutiki kirahisi, na ukilazimisha, chini yake panabaki pekundu, pengine pakavuja damu. Kwa hiyo usisugue. Mtoto huanza kunyonya na kuachia akilia, na mama naye anaweza kuhisi chuchu zikiwaka moto. Mara nyingi huja baada ya mtoto au mama kutumia antibiotiki.

Hapo nenda kituo cha afya. Kwa kawaida hutolewa matone ya nistatini, dawa ya kuua fangasi, na chuchu za mama zikiwa na dalili hutibiwa wakati huohuo, la sivyo wanaambukizana upya. Chupa na nyonyo zake zichemshwe.

Na asali, tafadhali, asipakwe kinywani kama dawa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Inaweza kumletea sumu ya botulini, inayolegeza misuli.