Kuzima jeni: siRNA au CRISPR?

Wanafunzi wa uzamili hapa Nairobi, kampasi ya Chiromo hadi ya Kabete, hawaishi kubishania hili.

siRNA, kipande cha RNA chenye herufi 21 hivi, haigusi DNA. Huinasa RNA mjumbe (nakala inayobeba maagizo ya jeni) ikakatwa kabla protini haijatengenezwa. Jeni hufifia tu, haizimiki kabisa, na baada ya siku kadhaa za seli kugawanyika inaamka tena. Kuanza ni rahisi. Marudio ndiyo yanayokula bajeti. Tena RNA ni dhaifu: gusa mdomo wa tyubu bila glavu, vimeng'enya vya kidole chako vinaweza kuiharibu.

CRISPR, zana ya kuhariri jeni, hukata DNA yenyewe, kwa hiyo badiliko hudumu na kurithiwa na seli zinazofuata. Jasho liko mwanzoni: kukuza seli mojamoja, kusoma mfuatano wa kila moja, kisha kuzihifadhi kwenye nitrojeni kimiminika (na mtungi haujijazi wenyewe).

Kwa uhakika wa kuzima jeni, CRISPR iko mbele, isipokuwa kwa jeni ambayo seli haiishi bila hiyo. Ukiifuta, huna cha kupima. Hapo siRNA inafaa zaidi. Zote mbili, lakini, hukosea shabaha mara nyingine.

Una muhula mmoja na swali dogo? siRNA. Una miaka mitatu na msimamizi mvumilivu? CRISPR.