Going Medieval: kabichi zina nyumba, vitabu vinalala nje

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa hiyo mnisamehe mapema.

Kwenye gemu hili la kompyuta, la kujenga kijiji cha zama za kati, ufundi mpya haununuliwi. Mwanakijiji anaketi kwenye meza ya utafiti, anaandika weee, mpaka kitabu kinatoka. Kitabu chenyewe kabisa, cha kubebwa na kuwekwa mahali. Vikifika idadi inayotakiwa, unafungua ufundi: kutengeneza pombe, kushona nguo, kufua chuma. Ukishafungua, vitabu haviyeyuki, unabaki navyo. Hapo nilipenda mno, nikawa nawasumbua watu nyumbani waje waone.

Sasa mimi, fundi wa mafundi, nilichimba ghala chini ya ardhi kwa ajili ya kabichi na nyama, maana kule chini kuna baridi na chakula hakiozi upesi. Ngazi, mlango, kila kitu. Vitabu nikavitengea kieneo nyuma ya nyumba, bila paa. "Kwa muda tu," nikajiambia. Mnajua "kwa muda tu" ya Mswahili.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha tena. Mimi niko bize na ukuta wa mawe. Usiku mmoja nafungua menyu nijenge mtambo wa pombe niliousubiri siku nzima: haupo. Vitabu vimeoza, idadi imeshuka, ufundi umefungwa. Kama kulikuwa na onyo, mimi sikuliona.

Jana wanajua pombe, leo hawajui! Haya, wengine nawaelewa, kazi yao shoka na jembe. Lakini Osric? Osric aliyeviandika vyote kwa mkono wake mwenyewe, naye kasahau? Kichwa hicho kina nini ndani, pumba? Nikazima kompyuta, nikalala bila kula. Hukumu yangu ilikuwa nyota moja, na hiyo moja ni ya kabichi.

Kulipokucha nikaanza kulegea. Hadithi ya gemu yenyewe inasema tauni ilifagia asilimia 95 ya watu duniani kufikia mwisho wa karne ya 14. Zama zile kitabu ni mkono na wino. Nakala ya pekee ikilowa, umeshaliwa. Kwa hiyo walioitunga kanuni hii wana akili, tena nyingi. Gemu ngapi utafiti ni mstari tu unaojaa kwenye kioo, ukishajaa ni wako milele? Huku elimu ina uzito, inabebwa, inaoza. Nyota nne.

Lakini Osric hajafa jamani! Yuko palepale, anatafuna kabichi zangu! Tatu.

Basi, nimejenga chumba cha mawe, nimeweka rafu, nimeweka na mlango. Osric kaanza kuandika upya, taratibu kama analipwa kwa siku. Nami kila wingu likitanda nasimamisha gemu, nahesabu vitabu kimoja kimoja. Nyota nne, haya. Ila Osric simpi hata moja.